Bolti Ikikatikia Ndani, Usikimbilie Drili

Msomaji wetu wa Njiro, Arusha, ameuliza afanyeje: bolti ya M8 (yenye kipenyo cha milimita 8) inayoshika kikinga joto cha ekzosi kwenye Toyota yake imekatika, kipande kimebaki ndani, na fundi anataka kushusha manifoldi nzima, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini. Mara nyingi si lazima. Kazi hii inafanyika nyumbani, mradi mkono ufike hapo na mwenyewe asiwe na haraka. Wengi wanaoharibu huharibu kwa kushika drili kabla kutu haijalegea.

Anza kwa kujua imekatika kwa nini. Kama ilikatika ikikazwa, uzi wa ndani, yaani mistari inayoshika bolti, huenda ni mzima, na kichwa kikishaondoka hakuna kinachokibana kipande kilichobaki. Wakati mwingine hutoka kwa kugongwa pembeni na tindo ndogo kuelekea upande wa kufungua. Kama ilikatika ikifunguliwa, kutu imeshinda nguvu ya bolti yenyewe, na hapo kuongeza nguvu hakusaidii. Magari mengi tunayoendesha huku yametumika kwanza Japani, na yale yaliyotoka mikoa ya theluji, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi, huwa na kutu nyingi chini. Matope ya masika ya Arusha na Moshi huiendeleza.

Safisha kwa brashi ya waya mpaka uone chuma. Changanya mafuta ya ATF (ya gia otomatiki) na asetoni, nusu kwa nusu, utikise kila mara kwa sababu hujitenga. Tia matone machache, gonga ncha ya bolti kwa nyundo ndogo mara kumi au zaidi, kisha acha. Kugonga kule ndiko kunakopasua kutu ili mafuta yapenye. Rudia jioni, asubuhi, na jioni tena. Ndiyo, siku mbili. Siku mbili za kusubiri ni nafuu kuliko manifoldi. Asetoni hushika moto upesi na huondoa rangi ya gari, kwa hiyo ifanyie kazi nje, mbali na jiko la mkaa, na usitumie moto mpaka mahali pamekauka kabisa.

Kama kipande kimechomoza kama milimita 5, kishike kwa vaisigripu (koleo linalojifunga likibana), ukipeleke mbele kidogo na nyuma kidogo. Usikivute upande mmoja tu. Kikigoma, pasha moto chuma kinachokizunguka kwa tochi ya gesi, kisha gusisha mshumaa kwenye mzunguko wa bolti. Nta huyeyuka na kunywewa ndani ya uzi. Kwenye aluminiamu kuwa mwangalifu sana: huyeyuka karibu nyuzi 660 bila kuwa nyekundu kwanza, kwa hiyo tone la maji likichemka na kuruka hapo, inatosha.

Kilichokatika sawa na uso wa chuma, au chini yake kidogo, dawa yake ni kuchomelea nati. Mafundi wa kuchomelea wanalijua hili vizuri, na mwenye mashine anaweza kuja kwako. Kwanza ondoa waya wa hasi wa betri. Kebo ya ardhi ibanwe karibu na bolti, isibanwe mbali kwenye bodi. Nati iwekwe juu ya kipande, ijazwe kwa ndani, kisha mngoje wekundu uishe kabla ya kutia spana. Joto lile lenyewe hufanya nusu ya kazi. Kwa maoni yetu njia hii ijaribiwe kabla ya ekstrakta, ile skrubu ya kuzungushia nyuma inayoingizwa kwenye tundu lililotobolewa ndani ya bolti.

Ekstrakta inasifiwa kupita inavyostahili. Ni chuma kigumu kisichopinda. Ikikatikia ndani ya bolti, biti ya kawaida haiitoboi tena, na tatizo la jioni moja linageuka kazi ya karakana yenye mashine. Ukilazimika kuitumia, sawazisha uso wa bolti kwa faili, weka alama katikati kabisa kwa senta panchi, toboa kwa biti ya milimita 3, kisha 4, taratibu, ukitia mafuta. Tundu likienda pembeni litakula uzi wa upande mmoja. Bolti ikiwa imezama, tumbukiza kibomba chenye kipenyo cha nje cha milimita 6.5 kiongoze biti ibaki katikati. Zungusha ekstrakta kwa mkono wa tapu (kifaa cha kukata uzi) wenye mishikio miwili, maana spana huivuta pembeni. Ukihisi inajinyonga bila bolti kusogea, acha, rudi kwenye joto na mafuta.

Ikikataa yote, toboa mpaka milimita 6.8, chokoa mabaki, halafu pitisha tapu ya M8 yenye uzi wa milimita 1.25, nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Uzi ukiwa umekufa, weka helikoili, yaani uzi mpya wa waya unaoingizwa ndani ya tundu. Bolti za kaliper (ya breki) na usukani usizifanyie majaribio ya namna hii nyumbani. Zipeleke karakana, iwe Unga Limited au Moshi mjini.

Jambo moja hatutalinyamazia: watu bado wanalala chini ya gari lililoegemea jeki na jiwe. Nunua stendi mbili, weka vigingi kwenye magurudumu, vaa miwani. Chembe ya chuma haiulizi kama kazi ni ya dakika tano.

Bolti mpya iwe na alama ya 8.8 kichwani, ambayo ni daraja la nguvu yake. Mahali pa ekzosi paka grisi ya shaba, kwa kuwa grisi ya kawaida itaungua. Kikavu, M8 ya namna hiyo kwenye chuma hukazwa karibu Nm 25 (kipimo cha nguvu ya kukaza, husomwa kwenye spana maalum); ukishaipaka grisi punguza kidogo, kwa sababu uzi unateleza na mvuto ndani ya bolti hupanda kuliko spana inavyoonyesha.