Kupanda Meru kwa mazoezi ya daladala

Mleta uzi ameuliza kama mtu wa Dar asiyekanyaga gym, ambaye zoezi lake ni kugombania daladala na kupandisha ndoo ya maji ghorofa ya tatu, anaweza kupanda Mlima Meru, ule wa Arusha. Mkuu, unaweza. Nilikwenda na mazoezi hayohayo nikafika juu. Ila kuna vitu viwili Dar haikufundishi: kwenda polepole, na kushuka.

Siku ya kwanza ni laini. Unatoka geti la Momella, mita kama 1,500 hivi, hadi kambi ya Miriakamba, mita 2,514. Mnaongozana na askari wa hifadhi mwenye bunduki, maana nyati wanapita njia hiyohiyo. Twiga hana neno na mtu. Nyati ndiye anakutazama kama unayekwepa deni lake. Siku hiyo sikuachana na yule askari. Akisimama nasimama, akienda kujisaidia nabaki kwenye mita zinazoruhusiwa na heshima.

Tatizo langu lilikuwa mwendo. Sisi tumezoea kwamba anayechelewa anasimama mlangoni hadi Mbezi, kwa hiyo miguu ilikimbia yenyewe. Kiongozi wetu, mzee mmoja mpole, akaniuliza: "Dada, unamfukuza nani?" Sikuwa na jibu. Akanipanga nyuma yake, na mzee yule anatembea kama anasindikiza bibi harusi. Kesho yake, kwenye ngazi zile zisizoisha za kwenda kambi ya pili, Saddle Hut, mita 3,570, nilimwelewa. Vijana waliotupita asubuhi wakipiga muziki kwenye spika tuliwakuta wamekaa pembeni, muziki umezimwa, kila mmoja anatazama viatu vyake.

Mchana mkipumzika mnapandishwa Little Meru, kilele kidogo cha jirani, mita 3,820, mwili uzoee hewa nyepesi. Kule juu simu yangu ikashika mtandao kidogo. Unadhani uliingia ujumbe gani? Kukumbushwa mchango wa send-off. Nilituma hapohapo, kichwa kinagonga, ili angalau nikianguka nisiachie kamati deni.

Usiku wa kilele sitausimulia sana. Mnaamka katikati ya usiku, baridi kali, kuna mwamba wenye minyororo ya kushikilia, halafu majivu ya volkano ambayo ukipanda hatua moja yanakurudisha nusu. Juu ni zaidi ya mita 4,560. Jua likachomoza nyuma ya Kilimanjaro, tukanyamaza wote, kisha tukaanza kugombania nafasi ya kupiga picha.

Sasa kushuka. Hapa watu wanadanganyana sana, eti kazi imeisha. Kwa ratiba ya siku nne wengi hushuka siku hiyohiyo kutoka kileleni hadi Miriakamba, yaani zaidi ya mita 2,000, na zile ngazi za jana zinakusubiri. Kupanda kunatafuta pumzi, kushuka kunatafuta magoti na kucha za vidole gumba. Kata kucha kabla ya safari, vaa soksi nene, kaza kamba za buti kwenye kifundo ili mguu usitelezee mbele. Fimbo za kutembelea kodi hata kama unaona aibu. Mimi niliona aibu hadi saa nne asubuhi.

Nyumbani ndiko kuna mtihani wenyewe. Mapaja yanagoma kukunja. Rafiki niliyekwenda naye aliingia choo cha kuchuchumaa pale Arusha, akakawia mpaka tukaanza kuulizana. Baadaye tukasikia sauti ya chini kabisa ikiniita kwa jina, inaomba mkono. Nilimpa, huku nimegeuza uso ukutani, na mimi mwenyewe nimeshika bomba maana magoti yangu hayakuwa na hali nzuri zaidi.

Kwa hiyo mkuu, gym si lazima. Kabla hujapanda, shika chumba cha gesti cha siku ya kurudi na uulize maswali mawili: chumba kiko chini au ghorofani, na choo ni cha kukaa? Habari za wifi na chai ya asubuhi utawauliza siku nyingine.