Mchoro haunyanyuki, nifanyeje?

SWALI: Asalaam alaykum. Mimi seremala wa hapa Wete, najifunza FreeCAD, ile programu ya kuchorea vitu vya 3D kwenye kompyuta, nichore mguu wa meza, lakini kila nikibonyeza Pad, ile ya kuunyanyua mchoro uwe na unene, inaleta ujumbe wa kosa tu. Tatizo nini?

JIBU: Waalaykum salaam yakhe. Mara nyingi huwa mistari haijafungana, pahala pameachia upenyo mdogo ambao kwa macho huuoni, sasa programu itajuaje ndani wapi nje wapi? Rudi kwenye sketchi, yaani ule mchoro bapa wa mistari, kamata zile ncha mbili uzifunge kwa Coincident, amri ya kugandisha ncha pahala pamoja, halafu weka vipimo mpaka mistari igeuke kijani, hapo ndo imetulia. Pad inaongeza mwili, Pocket inakata, kwa hiyo tundu la kuchomekea ubao ni Pocket. Kona usizifanye mviringo saa hizi bana, iache hiyo mwisho kabisa, maana ukija kubadilisha kipimo cha mwanzo ndo hizo zinazoharibika.