Dada naomba mbegu ya yale maua ya njano: jibu langu ni hapana

Juzi kaniandikia msomaji yuko Bagamoyo, kaona picha yangu ya zamani ya bustani moja hapa Tanga nilioitengeneza, ukuta mzima wa chini umefunikwa na majani ya kijani yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi na maua madogo ya njano juu yake. Anasema dada naomba uniuzie hayo, nina kiwanja karibu na bahari, mchanga unaliwa na mvua, hela sio tatizo. Nikakaa na simu mkononi kama dakika kumi. Ile picha sijaifuta tu kwa sababu ndio kazi iliyonipa jina, na ndio kazi iliyonitoa machozi.

Kwa wageni hapa, mimi nina kitalu cha miche na napamba bustani. Nilianza na viriba 40 nyuma ya jiko la mama, leo nakodi kirikuu kila Jumamosi kupeleka miche kwa watu, alhamdulillah, sio kwa kujisifu lakini nimetoka mbali.

Sasa hayo maua, jina lake wedelia, niliyaona mara ya kwanza Unguja kwenye hoteli moja, yametambaa mpaka mchangani, hakuna anayemwagilia. Nikavunja vijiti vitatu nikavifunga kwenye pembe ya khanga iliyolowa nikaja navyo Tanga. Vitatu tu! Nikavichomeka nyuma ya bafu. Baada ya masika moja sikuwa na pa kukanyaga. Nikaona hii ndio riziki sasa, mmea hauugui, haudai mbolea, unaota kivulini na juani, nikawa nauza kiriba kimoja shilingi 500 na watu wanagombania.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mzee mmoja ana gesti upande wa Raskazone, kiwanja chake kinateremka. Nikampandia mteremko wote. Mwaka wa kwanza alinisifia kwa kila mgeni. Mwaka wa pili mvua zikaja na yale maua yakapita chini ya seng'enge yakaingia kwa jirani, bibi wa watu ana mihogo na mchicha wake wa kuuza. Kijana wa bustani akaona dawa ni panga, akafyeka, akakusanya na reki akatupa mtaroni. Hapo ndipo tulipokwisha.

Manake huu mmea ushike mkononi uuangalie. Kijiti chake kina mafundo mafundo kama pingili za muwa, na kila fundo likigusa udongo linatoa mizizi, unaiona kabisa vinywele vyeupe vimeshaanza kabla hata hujapanda. Mbegu zake nyingi hazioti, wala hazihitaji. Ukifyeka vipande mia umepanda miche mia. Mtaro ukaziba, maji yakageukia kwa yule bibi, mchicha wote ukalala.

Nikaitwa. Mzee akaniambia mbele ya watu, binti umeniuzia ugonjwa. Nililipa vibarua wiki tatu kwa hela yangu, na yule mzee mpaka leo tukikutana msikitini kwenye shughuli anasalimia wenzangu ananiruka. Miezi iliyofuata naiacha, haina stori, ni kung'oa tu.

Ndio nikaanza kusoma, nikachelewa. Kumbe asili yake ni Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, na watu waliusambaza hivi hivi nilivyofanya mimi, kwa kupenda ua. Hawaii, Fiji, Samoa, Tonga kote umeshika ardhi ukafunika mimea ya wenyewe, na upo kwenye ile orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la kuhifadhi maumbile, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Australia wanauita ua la Singapore, wakati Singapore wenyewe wameletewa, na jimbo la Queensland sheria inakataza kuuza hata kumgawia mtu bure. Ukoo wake ni wa alizeti, humo humo yumo kishona nguo na lile gugu karoti linalowasumbua wenzetu wa Arusha. Jina la kitaalamu Sphagneticola trilobata, zamani Wedelia, katafute mwenyewe usiseme nakutisha.

Fundi wangu mmoja hubisha, mbona hata mkonge uliletwa na Mjerumani Hindorf 1893 na ndio ulioijenga Tanga. Kweli. Lakini mkonge ulipangwa mistari, ukakatwa na watu. Wangu mimi hakuna aliyeupanga. Sie tunasema Tanga waja leo waondoka leo, huyu kaja na haondoki.

Kama tayari unao: usifyeke. Ng'oa mvua ikishalainisha udongo, fuata kamba mpaka mwisho, kusanya kila kipande mpaka vile vidogo, tandaza juu ya sakafu ya saruji jua kali mpaka vikatike kama mkaa, usitupe mtaroni, usimpe mtu. Alafu rudi baada ya wiki mbili, na tena, na tena. Jamani, kitu kinachoota bila kuhudumiwa mnakishangilia cha nini? Muulize muuzaji mmea huu unaondokaje kabla hujauliza bei. Akicheka, ondoka. Mimi enzi hizo ningeulizwa ningecheka, ndio maana nasema.

Na wewe wa Bagamoyo, kwa hicho kiwanja chako, mdogo wangu, anza na ule mtambaa wa zambarau unaoota wenyewe ufukweni, hapo kwenu Bagamoyo umejaa, unashika mchanga toka enzi za babu zetu. Huku juu karibu na nyumba weka ukoka, ninao. Na yale ya njano kama umeshayaona kwa jirani, usivunje hata kijiti ukaweka kwenye pochi. Najua unachofikiria.