Injini imetoka ovahoo? Usiiache sailensa siku mbili

Mkuu umesema Corolla yako imetoka ovahoo (injini imefunguliwa na kufanyiwa ukarabati mzima) na fundi anataka iungurume sailensa, yaani imesimama bila kukanyagwa mafuta, siku mbili ndo uanze kuitembelea. Aisee usikubali, mimi hilo nilishalifanya na likanitoa hela mara mbili.

Yangu ilikuwa Corolla 110, injini 5A, silinda zimechongwa, pistoni mpya na ringi zake mpya (zile pete zinazoizunguka pistoni kuzuia oili isipande juu), spea zote Gerezani, Dar. Nikaiacha sailensa mchana kutwa, halafu wiki mbili ni foleni ya Ubungo hadi Kimara tu, naikanyaga kama naibembeleza. Mwezi haujaisha moshi wa bluu, oili inapungua lita nzima ndani ya kilometa 1,000. Tulivyofungua hedi (kile kifuniko cha juu cha injini), kuta za silinda zinang'aa kama kioo, ile mikwaruzo ya kupishana aliyoiacha mchongaji yote imefutika. Sasa mikwaruzo ile ndo inaisugua ringi mpaka ikae, na kinachoikandamiza ringi ukutani ni presha ya moto juu ya pistoni. Sailensa presha hiyo ni ndogo mno, ringi inateleza tu, oili inapita na kuungulia ukutani.

Mara ya pili, baada ya ovahoo nyingine, tulitoa plagi kwanza, tukapiga stata mpaka taa ya oili ikazima. Ikawashwa, dakika chache za kuangalia kama kuna kinachovuja, nikaondoka nayo. Jumapili alfajiri, barabara ya Bagamoyo, ukishapita Bunju: gia ya tatu, toka 40 nakanyaga hadi 80, naachia mguu gari ijipunguze yenyewe mpaka 40, narudia, kama mara kumi na tano hivi, RPM haivuki 4,000 (kwenye vibao vya 50 tulia, tochi za trafiki zipo).

Nimerudi nyumbani nikamwaga oili ikiwa bado ya moto kwenye dumu nililolikata. Juani ilikuwa inameta kama imechanganywa na rangi ya silva, nikapitisha sumaku ya spika mbovu ikatoka na ndevu za unga wa chuma. Ule unga ungezunguka kwenye bearingi mpya! Filta nayo nikabadilisha, nikamwaga tena kwenye kilometa 500 na 1,000, zote oili ya kawaida, sintetiki niliweka baadaye kabisa.

Hadi leo nikichomoa stiki kabla ya sevisi oili iko palepale juu. Kama yako ni gia za auto, weka gia kwenye 2 ili isikubadilishie gia katikati, na usibebe mzigo wiki hizo za kwanza.