Seli za uloto hutoka wapi?

SWALI: Shikamooni. Hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa hupandikiza uloto (uboho wa ndani ya mifupa) kwa watoto wenye selimundu. Jirani anadai seli shina hizo hutolewa kwenye viinitete. Kweli?
Mama Neema, Kikuyu

JIBU: Marahaba, mama. Si kweli. Seli shina hizo, yaani seli changa zinazozaa seli za damu, hutolewa kwa mtu aliye hai, aghalabu ndugu wa baba na mama mmoja ambaye vipimo vya HLA (alama za seli ambazo kinga ya mwili hutumia kutambua seli zake) vimeoana na vya mgonjwa. Visipooana, seli ngeni huweza kuushambulia mwili unaozipokea.

Ubishi wa viinitete ni wa utafiti. Mwaka 1998 James Thomson wa Marekani alikuza seli shina kutoka viinitete vya siku 5 hivi, vilivyosalia baada ya utungishaji wa maabara. Kuzitoa hukiharibu kiinitete. Anayeona kiinitete ni mtu tayari ana hoja, msimdharau. Uingereza huruhusu utafiti huo kwa leseni na ridhaa ya waliokitoa kiinitete, nacho hakikuzwi kupita siku 14. Tangu 2007, Wajapani walipogeuza seli za ngozi ya binadamu kuwa seli shina, ulazima wa kutumia viinitete umepungua, ingawa hizo nazo zaweza kuzaa uvimbe.

Kwenu swali la maadili ni jingine: huyo ndugu mtoaji, akiwa mtoto, ameelezwa na kukubali?