Maswali na Majibu: Saa za Atomu Zilizo Mbali Hulinganishwaje?

Safu iliyopita ilieleza kwamba tangu mwaka 1967 sekunde moja ni muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya mawimbi yanayohusiana na atomu ya sesiamu. Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini wameuliza zaidi kuhusu jambo moja: saa mbili za namna hiyo zikiwa mbali, zinafanywaje zikubaliane? Majibu ni haya.

Mimi ni fundi wa minara ya simu, Mafinga. Kwa nini tunafunga antena ya setilaiti juu ya mnara ambao tayari umeunganishwa na mkongo?

Antena hiyo ndogo nyeupe haipitishi mazungumzo ya mtu yeyote. Kazi yake ni kuuletea mnara wakati kutoka kwenye saa za atomu zilizomo ndani ya setilaiti. Katika mitandao ambayo minara hutuma na kupokea kwa zamu kwenye masafa yaleyale, kila mnara unatakiwa usipishane na wakati sahihi kwa zaidi ya mikrosekunde 1.5 hivi (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde), la sivyo mmoja huanza kutuma wakati jirani yake bado anasikiliza, na wateja wa minara yote miwili wanaumia. Wakati unaweza kuletwa kwa mkongo pia, lakini kila kifaa kilichopo njiani lazima kipime na kutangaza ucheleweshaji wake, jambo ambalo si vifaa vyote vinaliweza.

Nakuomba pia uandike urefu wa waya unaoshuka kutoka kwenye antena. Kila mita ya waya huichelewesha ishara kwa nanosekunde 4 hadi 5, na nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kwa mnara wako hicho ni kiasi kidogo, lakini katika maabara ya wakati, yaani inayotunza na kulinganisha saa za atomu, waya wa mita 30 ambao haukupimwa huharibu kazi yote.

Mwalimu wa fizikia, Njombe: Ishara yenyewe inachukua muda kusafiri. Tutajuaje kwamba saa mbili zinapishana, na si ishara iliyochelewa?

Hapa ndipo penye kiini cha kazi hii. Chukua watu wawili, mmoja Njombe na mwingine Mbeya, wanaosikiliza mlio wa saa wa redio moja. Kila mmoja anaandika saa yake ilisoma nini mlio uliposikika, kisha wanapigiana simu na kutoa namba moja kwenye nyingine. Redio ikiwa imekosea, imewakosea wote wawili kwa kiasi kilekile, na kosa hilo linajifuta katika kutoa. Maabara za wakati hufanya hivyo kwa setilaiti ya GPS inayoonekana kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja: setilaiti haihitaji kuwa sahihi kabisa, inatosha kwamba ni ileile. Kinachobaki ni tofauti ya umbali. Kwa kuwa mawimbi ya redio husafiri sentimita 30 hivi kwa nanosekunde moja, mahali pa kila antena lazima pajulikane vizuri sana kabla hesabu haijaanza.

Njia ya pili ni ya kutumiana. Kila maabara inatuma ishara kwa mwenzake kupitia setilaiti inayokaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kwa wakati huohuo inapokea ya mwenzake. Ishara zote mbili zimepita karibu njia ileile, moja ikienda na nyingine ikirudi, hivyo urefu wa njia unaondoka karibu wote na tofauti ya saa inabaki peke yake.

Ningependa wanafunzi wako waelewe hili kuliko yote: katika ulinganisho huo hakuna anayesogeza saa. Saa nzuri huachwa iende ilivyo, na tofauti yake huandikwa.

Msomaji wa Iringa: Basi saa kuu ya dunia iko wapi?

Haipo. Ofisi ya Kimataifa ya Uzani na Vipimo iliyoko Sèvres, karibu na Paris, hukusanya tofauti zilizoandikwa kutoka saa zaidi ya 400 za nchi nyingi, Afrika Kusini ikiwa mojawapo, na kukokotoa wastani ambao unazipa saa tulivu uzito mkubwa zaidi. Matokeo hutangazwa mara moja kwa mwezi, kwa hiyo wakati sahihi kabisa wa leo utajulikana wiki kadhaa zijazo.

Mwanafunzi, Mbeya: Ni kweli kwamba saa ya huku kwetu inakwenda haraka kuliko ya Dar es Salaam?

Ni kweli, na nafurahi kwamba swali limetoka Mbeya. Einstein alionyesha kwamba muda huenda polepole zaidi pale mvuto wa dunia unapokushika kwa nguvu zaidi. Kwa kila kilomita moja ya kupanda kutoka usawa wa bahari, saa huongeza mwendo kwa karibu nanosekunde 9.4 kwa siku. Jiji lenu liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, kwa hiyo saa ya atomu iliyowekwa hapo ingeitangulia ya Dar es Salaam kwa nanosekunde 16 kila siku, karibu mikrosekunde 6 kwa mwaka. Saa yenyewe ingekuwa nzima kabisa. Maabara ya Boulder nchini Marekani, ambayo mwinuko wake unakaribiana na wenu, hulazimika kuipunguza tofauti ya namna hii katika hesabu zake.

Kwenye setilaiti za GPS, zilizo kilomita 20,200 juu, urefu huo huziongezea saa mikrosekunde 45 kwa siku, nao mwendo wa setilaiti unapunguza 7, zinabaki 38. Zisiporekebishwa, kosa la umbali lingeongezeka kwa takriban kilomita 11 kila siku, ndiyo maana saa hizo hupunguzwa mwendo kabla hazijarushwa.

Msomaji wa Tukuyu: Mvua zetu hazivurugi ishara?

Kidogo sana. Hewa yote iliyo juu yetu, pamoja na unyevu wake, huchelewesha ishara inayotoka utosini kwa nanosekunde 8 hivi, na kiasi hicho hukadiriwa vizuri. Msumbufu mkubwa ni tabaka la juu lenye chembe za umeme, hasa baada ya jua kutua katika nchi za karibu na ikweta. Dawa yake ni kupokea masafa mawili, kwa kuwa kila moja hucheleweshwa kwa kiasi chake, na tofauti kati yao huonyesha ucheleweshaji wenyewe.

Je, mkongo hauwezi kuchukua nafasi ya setilaiti?

Unaweza, tena kwa usahihi zaidi. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo za mkongo hutumia mikrosekunde 5 kwa kilomita, na joto hubadilisha muda huo: kwenye mkongo wa kilomita 800, nyuzi moja tu ya joto huleta tofauti ya nanosekunde 30 hivi. Mkongo wa kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya unapita kwenye joto la Mikumi na baridi ya Makambako, kwa hiyo mwanga ungepaswa kutumwa pande zote mbili katika uzi uleule ili mabadiliko hayo yapimwe na kufutwa papo hapo. Maabara za wakati za Paris na Braunschweig ya Ujerumani zimeunganishwa hivyo kwa mkongo wa kilomita 1,415, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 watafiti walilazimika kurekebisha hata tofauti ya mwinuko wa mita 25 kati ya saa zao.