Wanakuona lakini hawakusikii? Anzia hapa

Mtu akinipigia kuniambia kamera ya kompyuta yake imekufa, simuulizi kwanza anatumia programu gani ya mikutano. Humwomba atoke kabisa kwenye kikao, afunge kivinjari, kisha afungue programu ya kamera iliyokuja na kompyuta yenyewe. Kwenye Windows inaitwa Camera, kwenye Mac ni Photo Booth. Akijiona humo, basi kamera ni nzima na draiva yake, yaani programu ndogo inayoiunganisha na kompyuta, ni nzima, na mgogoro uko kati ya kompyuta na programu ya mkutano. Asipojiona, hakuna faida ya kuchokonoa mipangilio ya Zoom wala Google Meet. Wengi huruka hatua hii na kukimbilia kufuta programu na kuipakua upya, kisha wanashangaa hali iko vilevile. Programu ikirudi, inakuta mlango uleule umefungwa.

Kwa maiki jaribio ni hilohilo: jirekodi kwa programu yoyote ya kurekodi sauti, usikilize. Usiridhike na kile kijimstari kinachorukaruka ukiongea, kwani hicho huruka hata kwa mlio wa feni.

Tuseme kamera haionyeshi kitu popote. Kabla ya kugusa mipangilio, iangalie kwa macho. Kompyuta mpakato nyingi za siku hizi zina kifuniko cha kutelezesha juu ya lenzi, chembamba kiasi kwamba mwenyewe anaweza kuitumia kompyuta mwaka mzima asijue kipo. Nyingine zina swichi ubavuni, au kitufe chenye alama ya kamera iliyokatwa kwenye safu ya juu ya kibodi. Na wapo wenye utepe. Mwaka 2016 ilisambaa picha ya Mark Zuckerberg ambayo kompyuta iliyo mezani nyuma yake ilionekana imebandikwa utepe kwenye kamera, na mtindo huo haujaisha. Sina ugomvi nao, ila ubandikaji huo usahaulike mwezi mmoja tu, mtu ataapa kamera imeungua.

Windows ikikupa msimbo 0xA00F4244, inasema haioni kamera yoyote. Hapo fikiria swichi, waya wa USB uliolegea, au draiva. Ikikupa 0xA00F4243, kamera inaonekana ila imeshikwa na programu nyingine. Kwa kawaida kamera kwenye Windows huhudumia programu moja kwa wakati mmoja, na mara nyingi mshikaji ni kikao cha asubuhi kilichoachwa wazi kwenye kichupo cha kivinjari. Vifunge vyote. Ukishindwa kumpata mshikaji, zima kompyuta uiwashe upya.

Kama kamera inafanya kazi nje ya mkutano ila ndani yake inagoma, tatizo karibu kila mara ni ruhusa. Kwenye Windows 11 fungua mipangilio, ingia sehemu ya faragha na usalama, kisha kamera. Ukurasa huo una swichi zaidi ya moja. Ya juu ni ya kompyuta nzima, inayofuata ni ya programu, halafu chini kabisa, baada ya orodha ndefu, kuna moja ya programu za mezani, yaani zile za kawaida zisizotoka kwenye duka la Microsoft. Hiyo ya chini ndiyo watu hawaifikii, na programu nyingi za mikutano ziko chini ya himaya yake. Ukurasa wa maiki umepangwa hivyohivyo. Kwenye Mac, tangu toleo la Mojave la mwaka 2018, kila programu huomba ruhusa ya kamera na maiki mara moja tu. Ukibofya kukataa kwa haraka zako, haitakuuliza tena. Itabidi uende mwenyewe kwenye faragha na usalama uiwashe, kisha uifunge programu kabisa na kuifungua upya. Kupunguza dirisha lake hakutoshi.

Wanaotumia kivinjari wana milango miwili. Kompyuta inapaswa kukiruhusu kivinjari, na kivinjari nacho kiiruhusu tovuti. Ule wa pili uko kwenye alama iliyo kando ya anwani ya tovuti, juu ya ukurasa. Ukishabadilisha, pakia ukurasa upya. Baadhi ya programu za kuzuia virusi nazo zina ulinzi wa kamera unaofanya kazi kimyakimya, kwa hiyo zikague.

Sasa sauti, na hapa ndipo penye vituko. Kisa ninachokutana nacho zaidi hakihusu uharibifu wowote: kompyuta inasikiliza mahali pengine. Visikizi vya Bluetooth viko kwenye mkoba chumba cha pili, vimeunganika vyenyewe, na mkutano mzima unachukua sauti kutoka humo mkobani. Au umechomeka skrini ya nje kwa waya wa HDMI, na sauti ya wenzako inapelekwa kwenye skrini isiyo na spika. Ndani ya mkutano, bofya mshale mdogo kando ya alama ya maiki, uchague kifaa kwa jina lake. Usiache kwenye chaguo la kufuata mfumo, maana mfumo hubadili mawazo kila kitu kipya kinapochomekwa.

Bluetooth ina jambo lake jingine. Muziki ulikuwa unasikika vizuri, umeingia kikaoni, ghafla kila mtu anasikika kama yuko ndani ya mtungi. Visikizi si vibovu. Maiki yake inapowashwa, Bluetooth ya kawaida huhamia kwenye hali ya simu, inayobeba sauti pande mbili kwa ubora mdogo. Dawa ninayoitumia ni kusikiliza kwa visikizi hivyo na kuongea kwa maiki ya kompyuta. Sauti hurudi ilivyokuwa.

Kwa wenye visikizi vya waya, tazama pini. Hesabu mikanda, ile mistari myembamba inayoizunguka: yenye mitatu ina maiki, yenye miwili haina. Kompyuta za mezani nyingi zina tundu la waridi la maiki na la kijani la kusikilizia, kwa hiyo pini ya mikanda mitatu itahitaji kigawanyio.

Mwangwi nao huwachanganya watu. Anayeusikia siye anayeusababisha. Ukisikia sauti yako ikikurudia, maiki ya mwenzako ndiyo inayonasa spika zake. Zimeni maiki moja baada ya nyingine. Mwangwi utakapokoma, mmempata.

Na ikiwa rekodi yako inasikika safi lakini wenzako wanalalamika unakatikakatika, achana na maiki. Huo ni mtandao, hasa upande wa kupakia, yaani wa kutuma data kutoka kwako, ambao mara nyingi ni mwembamba kuliko wa kupakua. Zima picha kwanza. Kwa makadirio ya Zoom wenyewe, sauti peke yake hutaka kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, wakati picha nzuri ya watu wawili hutaka takriban 600.

Draiva huwa naiacha mwisho. Fungua Device Manager, orodha ya vifaa iliyomo ndani ya Windows, itafute kamera, iondoe, kisha uwashe kompyuta upya; Windows kwa kawaida huirudisha yenyewe. Isiporudi, ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako. Zile programu zinazojinadi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja mimi siziweki kwenye kompyuta ya mtu.

Na kama kikao kinaanza sasa hivi na bado hakuna kinachoeleweka, ingia kwa simu kwa ajili ya sauti, na kompyuta ibaki kwa kuonyesha nyaraka. Kumbuka kuzima maiki na spika za kompyuta kwanza, la sivyo utawaletea wenzako mluzi.